Kubangua dawa ndani ya seli: metali kama kichocheo dhidi ya saratani

Swali: "Nafundisha kemia sekondari hapa Masasi. Nimesoma kwamba watafiti wanaingiza paladiamu na rutheniamu ndani ya seli hai ili zitengeneze dawa ya saratani palepale. Shangazi yangu anatibiwa Ocean Road kwa cisplatin, nayo ni metali. Je, si kitu kilekile? Na kama kichocheo hakiishi, kwa nini kisiendelee kutengeneza sumu mwili mzima? Mwisho, kuna chochote ninachoweza kuwaonyesha wanafunzi kwa vifaa vya shuleni?"

Jibu:

Mwalimu, kwanza pole kwa kuuguza. Si kitu kilekile, na nianze na hiyo cisplatin maana hapo ndipo wengi huchanganya.

Cisplatin ina atomi moja ya platinamu iliyoshikwa na klorini mbili na amonia mbili. Kwenye damu, ambako kloraidi ni nyingi, klorini hubaki mahali pake. Ndani ya seli kloraidi ni chache, hivyo klorini hubanduka, maji hushika nafasi yake, kisha platinamu hujishikiza kwenye DNA, mara nyingi kwenye guanini mbili zilizopakana. DNA inapinda, seli inashindwa kuinakili, inakufa. Barnett Rosenberg na wenzake huko Michigan, Marekani, walioifungulia njia dawa hii kwa ripoti yao ya mwaka 1965, hawakuwa wakitafuta dawa yoyote. Walikuwa wakipitisha umeme kwenye bakteria kwa elektrodi za platinamu, wakaona bakteria wameacha kugawanyika na kurefuka kama nyuzi. Kufikia 1978 Marekani ilikuwa imeidhinisha dawa hiyo.

Molekuli moja ya cisplatin ikishashika DNA, kazi yake imeisha. Ni msumari: umepigiliwa, haung'oki ukapigiliwe kwingine. Ukitaka misumari zaidi unaongeza dozi, na sehemu kubwa ya dozi hiyo inakwenda kusumbua figo, masikio na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana wagonjwa wa cisplatin huwekewa maji mengi ya drip.

Kichocheo ni mbanguaji wa korosho. Anapasua moja, anaiweka pembeni, anachukua nyingine, na jioni yeye ni yuleyule. Wazo zima la fani hii ni hilo: metali kidogo sana, ibangue dawa nyingi, tena ibangulie ndani ya uvimbe. Mfano huu una kasoro moja ambayo wanafunzi wako wa Masasi wataiona haraka. Kwenye korosho, ganda ndilo lenye mafuta yanayochoma mikono na kiini ndicho salama. Kwenye dawa ni kinyume chake: kiini ndicho sumu, ganda ndilo linaloituliza.

Ganda hilo ni kipande kidogo cha kemia kinachoshonwa mahali ambapo dawa hufanyia kazi. Chukua 5-fluorourasili, dawa ya zamani ya saratani ya utumbo mpana. Ukiifunga kundi la propajili kwenye naitrojeni namba 1, seli haiwezi tena kuigeuza kuwa nyukliotidi bandia (tofali bovu la DNA na RNA), na bila hatua hiyo haina makali. Vimeng'enya vya mwili havina desturi ya kukata kifungo cha aina hiyo, paladiamu inayo. Kwa doxorubicin, yenye kundi la amini, hutumika ganda la aina ya kabamati lenye mkia wa alili: metali inashika alili, kabondayoksaidi inatoka, amini inabaki huru, dawa imeamka.

Kazi iliyofungua njia kwa rutheniamu ilitoka mwaka 2006 kwa Craig Streu na Eric Meggers. Walifunga rangi inayong'aa kwa ganda hilo la alili, wakaiingiza kwenye seli za HeLa (seli za saratani zinazokuzwa maabara), wakaongeza kichocheo, na seli zikang'aa. Mwaka 2011 kundi la Edinburgh la Mark Bradley na Asier Unciti-Broceta likaonyesha chembe nano za paladiamu, zilizonaswa ndani ya vijipira vya plastiki vya nusu mikrometa, zikifanya kazi ndani ya seli. Mwaka 2014 kundi hilohilo la mjini Edinburgh likaibangua 5-fluorourasili iliyofungwa, lakini safari hii paladiamu ilikuwa kwenye vijipira vikubwa vilivyokaa nje ya seli. Usiipite tofauti hiyo ya ndani na nje. Habari nyingi za magazeti huichanganya, na kwa maoni yangu ndiyo tofauti muhimu kuliko zote katika fani hii.

Sasa shida yenyewe. Masasi hakuna asiyeijua salfa, ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Katika maumbo mengine, salfa ndiyo adui mkubwa wa vichocheo vya metali. Nikeli inayotumika viwandani kugeuza gesi asilia kuwa haidrojeni hufa kwa salfa kidogo tu, ndiyo maana gesi husafishwa kwanza. Seli hai imejaa salfa. Glutathioni, molekuli ndogo yenye kundi la thioli (salfa iliyoshika haidrojeni), iko ndani ya seli kwa kiwango cha milimola 1 hadi 10, na protini nazo zina sisteini zao, yaani amino asidi zenye salfa. Paladiamu, shaba na dhahabu huipenda salfa kuliko zinavyoupenda ubanguaji. Zikishashikwa, hazirudi kazini.

Tupige hesabu, maana bila hesabu jambo hili hugeuka hadithi. Tuseme umepima ukakuta nanogramu 10 za paladiamu kwa kila seli milioni moja. Gawanya kwa uzito wa atomi, 106.4: ni pikomoli 94 kwa seli milioni. Seli moja ina ujazo wa takriban pikolita 2, kwa hiyo ndani yake paladiamu ina kiwango cha mikromola 47 hivi. Glutathioni ikiwa milimola 5, kila atomi ya paladiamu imezungukwa na molekuli zaidi ya mia moja za glutathioni. Mbanguaji mmoja na watu mia moja wanaomshika mikono.

Tuendelee. Kisima kimoja cha sahani ya maabara yenye visima 96 kina seli 10,000 na mikrolita 100 za midia (maji ya virutubisho ya kukuzia seli) yenye dawa iliyofungwa kwa mikromola 50. Hiyo ni nanomoli 5 za dawa. Ukitaka asilimia 5 tu zibanguliwe, unahitaji pikomoli 250. Metali yote iliyo ndani ya seli hizo 10,000 haifiki hata pikomoli moja, ni 0.94. Maana yake kila atomi lazima ibangue zaidi ya mara 260, huku imezingirwa na salfa. Inawezekana, lakini si jambo la kudai kirahisi. Ripoti ikikuambia dawa imebanguliwa nusu nzima na metali ndani ya seli ni hiyo tu, shuku kwamba kuna metali iliyobaki nje, imeng'ang'ania kuta za seli au plastiki ya kisima, na ndiyo iliyofanya kazi.

Kwa hiyo jaribio la kweli hupangwa hivi. Seli 5,000 kwa kila kisima, zinaachwa saa 24 zishike chini, na kufikia hapo zimekaribia kuongezeka maradufu. Kichocheo kinawekwa, kwa kawaida kati ya mikromola 1 na 20, kwa saa chache. Kisha seli zinaoshwa mara mbili au tatu kwa maji ya chumvi yenye fosfeti. Dawa iliyofungwa inafuata, halafu kusubiri saa 48 hadi 72 kabla ya kupima seli hai. Lakini nguvu ya jaribio iko kwenye visima vya kulinganishia: seli peke yake, seli na metali bila dawa, seli na dawa iliyofungwa bila metali, vyote viwili, na seli na dawa huru, ili ujue kilele cha makali yenyewe. Hivyo vitano ni vya lazima, na karibu kila maabara huviweka.

Cha sita wengi hukisahau. Seli zikishapewa metali na kuoshwa, waongezee midia mpya, waiache saa kadhaa, kisha waichukue midia hiyo waimimine juu ya seli nyingine ambazo hazijawahi kuona metali, pamoja na dawa iliyofungwa. Hizo nazo zikifa, metali inavuja, na madai ya "ndani ya seli" yameanguka.

Metali iliyoingia hupimwa kwa mashine ya ICP-MS, inayotambua metali hata ikiwa kidogo sana. Seli zinahesabiwa, zinaoshwa, zinayeyushwa kwa asidi ya naitriki, na jibu linatolewa kwa nanogramu kwa seli milioni. Kosa la kawaida hapa ni kuzibandua seli kwa tripsini (kimeng'enya cha kubandulia) yenye EDTA, kemikali inayoshika metali. EDTA inanyonya metali iliyo nje ya seli, kisha tarakimu inashuka bila mtu kujua kwa nini. Kwa upande wa pili, chembe nano huzama na kulala juu ya seli. Zisipooshwa vizuri zinahesabiwa kama zimeingia, na kwenye hadubini ya kawaida zinaonekana kana kwamba ziko ndani.

Makosa mengine yana ubishi zaidi. Kemikali nyingi za maabara huyeyushwa kwa kiyeyushi kiitwacho DMSO, lakini DMSO ina salfa pia, nayo hujishikiza kwenye platinamu na rutheniamu. Cisplatin iliyoyeyushwa kwa DMSO hupoteza makali yake. Inatakiwa iyeyushwe kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Kuna kipimo cha MTT, ambacho hugeuka zambarau seli zikiwa hai: thioli hukigeuza zambarau hata bila seli, na chembe nyeusi za metali hunyonya mwanga wa nanometa 570 unaosomwa, hivyo kisima chenye metali kinaweza kudanganya pande zote mbili. Tiba yake ni kupima kwa njia ya pili isiyotegemea rangi, hata kama ni kuhesabu seli kwa mkono. Rangi zinazong'aa nazo zina ujanja wao, kwani metali huweza kuzima mng'ao, mtu akadhani hakuna mmenyuko kumbe upo.

Halafu kuna protini za midia. Seramu (maji ya damu) ya asilimia 10 iliyomo kwenye midia ya kawaida ina protini ya albumini ya kutosha kuishika metali kabla haijagusa seli. Mtafiti akiona kichocheo kinafanya kazi vizuri kwenye maji matupu, na akaripoti hapo tu, hajasema lolote kuhusu damu.

Njia za kumlinda mbanguaji ni nyingi. Nitataja ninazoziona zina mantiki zaidi. Moja ni kumficha ndani ya kitu chenye vitundu vidogo, kama vile vijipira vya plastiki, ili dawa ndogo ipite lakini protini kubwa zisipite. Glutathioni nayo ni ndogo na inapita, kwa hiyo kinga hii ni ya nusu. Nyingine ni kumvika protini. Kundi la Thomas Ward huko Basel, Uswisi, lilichukua protini ya streptavidini, likaweka rutheniamu ndani yake, na mwaka 2016 likaonyesha kimeng'enya hicho bandia kikifanya kazi kwenye bakteria wa E. koli. Waliiweka kwenye nafasi iliyo kati ya ngozi mbili za bakteria, ambako glutathioni haizidi kama ilivyo ndani kabisa. Waliikwepa salfa kwa kuchagua chumba.

Njia ya tatu ndiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu haina dawa ya kubangua. Kundi la Peter Sadler, Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 2018 liliweka kichocheo cha osmiamu kwenye seli za saratani ya ovari, pamoja na fomati ya milimola 2. Fomati ni chumvi ya asidi ya fomiki, ile inayokuunguza majimoto wa kwenye mikorosho wakikuuma. Osmiamu ilichukua haidrojeni kutoka kwenye fomati na kuipa piruveti ya seli yenyewe (molekuli inayotokana na kuvunjwa kwa sukari), ikaigeuza kuwa lakteti. Utamu uko kwenye umbo: karibu lakteti yote inayotengenezwa na seli za binadamu ni ya aina ya L, lakini kichocheo kilipendelea aina ya D, taswira yake ya kwenye kioo. Ukikuta D inapanda sana, ni vigumu kudai imetoka kwa vimeng'enya vya seli. Huo ni ushahidi unaobeba saini yake, na ndio aina ya ushahidi ninaoutafuta kwanza ninapoisoma ripoti yoyote ya fani hii.

Ipo pia iridiamu inayoamshwa na mwanga wa buluu na kumaliza NADH ya seli (molekuli inayobeba elektroni za kutengenezea nishati), hata penye oksijeni kidogo. Ni kazi nzuri, ila mwanga wa buluu haupenyi nyama kwa kina, kwa hiyo uvimbe wa ndani ya tumbo unahitaji njia nyingine ya kufikisha mwanga.

Swali lako la pili: kwa nini kichocheo kisibangue mwili mzima? Kwanza, bila malighafi hakifanyi kitu. Dawa iliyofungwa ikisimamishwa, ubanguaji unasimama. Pili, salfa ileile inayotusumbua hukizima. Lakini hofu yako ina msingi, na sitaki kuifuta kwa maneno matamu. Chembe nano nyingi zinazodungwa kwenye mshipa huishia kwenye ini na wengu, na ini ndiyo njia ya dawa nyingi. Kichocheo kikibaki hai mle, dawa itabanguliwa mle. Ndiyo maana wengine wanapendelea kipandikizi kinachowekwa ndani ya uvimbe wenyewe kisitembee, na kundi la Edinburgh pamoja na la Zaragoza, Hispania, mwaka 2019 lilifunga vipande vyembamba vya paladiamu ndani ya vifuko vidogo vinavyotolewa na seli za saratani, kwa kuwa vifuko hivyo hupendelea kurudi kwenye seli za aina vilikotoka. Tena kuna mipaka ya kimataifa ya mabaki ya metali kwenye dawa: kwa paladiamu ni mikrogramu 100 kwa siku kwa dawa ya kumeza, na 10 tu kwa dawa ya kudunga. Shaba, ambayo mwili unaihitaji, inaruhusiwa 3,000 na 300.

Hadi sasa hakuna dawa ya saratani ya kundi hili, metali ngeni inayobangua dawa ndani ya mwili, iliyoidhinishwa kwa wagonjwa. Ila kuna jambo wataalamu wenyewe huwa hawalisemi sana. Bleomycin, ambayo ipo wodini miaka mingi na hutumika pia kwa Kaposi sakoma, hushika chuma ndani ya mwili na kwa msaada wa oksijeni huikata DNA, na molekuli moja huweza kuamshwa tena ikakata zaidi ya mara moja. Asili yake ni bakteria wa udongoni. Ukiniuliza, huyo ndiye mbanguaji wa kwanza wa kweli kwenye wodi ya saratani.

Kuhusu shangazi: asiache cisplatin kwa sababu ya habari hizi. Akijisikia masikio yanavuma, vidole vinakufa ganzi au mkojo umepungua, amwambie daktari wake kabla ya mzunguko unaofuata, maana dozi na maji ya drip hurekebishwa kwa kuangalia hayo. Akiwa nyumbani na hali ikabadilika ghafla, mpelekeni Ndanda, Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, mkiwa na karatasi zake za Ocean Road mkononi. Na mtu yeyote akiwauzia "maji ya dhahabu" au unga wa metali wa kutibu saratani, muulizeni usajili wake wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Hatakuwa nao.

Sasa wanafunzi wako. Paladiamu hutaipata Masasi, na masega ya ekzosi ya gari, ambayo inayo, si kitu cha kupasua darasani. Lakini kisa chenyewe, kichocheo kinachouawa, unaweza kukionyesha kwa kukigeuza: badala ya salfa kuua metali, metali inaua kimeng'enya. Twanga gramu 50 za kiazi mviringo kibichi na mililita 50 za maji, chuja kwa kitambaa. Mle mna katalesi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi. Yeyusha gramu 2.5 za mrututu (kopa salfeti) kwenye mililita 100 za maji. Hiyo ni mola 0.1. Nunua peroksaidi ya asilimia 3 duka la dawa. Ukipata ya 6, ichanganye na maji sawa kwa sawa.

Panga neli tano ndefu. A: mililita 2 za kiazi na 1 ya maji. B: 2 za kiazi na 1 ya mrututu. C: 2 za maji na 1 ya mrututu. D: 3 za maji. E: 2 za kiazi kilichochemshwa na 1 ya maji. Acha dakika 10, mrututu unahitaji muda huo kushika kimeng'enya. Kisha ongeza mililita 5 za peroksaidi kwa kila neli na upime kimo cha povu baada ya dakika 2. A itafurika, B itakuwa chini sana, D na E karibu hakuna kitu. C ndiyo itakayowachanganya, kwa sababu shaba yenyewe huvunja peroksaidi polepole, na watu hushangaa kuona viputo vichache. Waulize: viputo vya B vimetoka kwa kimeng'enya kilichobaki au kwa shaba? Bila C hawana jibu. B ikitoa povu sawa na A, kiazi chako kilikuwa kizito mno. Kipunguze nusu kwa maji urudie.

Vaeni glavu na miwani, peroksaidi haipendi macho. Mabaki ya B na C msiyamwage kwenye mfereji, shaba huua samaki. Yakusanye kwenye ndoo ya plastiki, ongeza magadi soda kidogo kidogo mpaka rangi ya buluu iwe tope la kijani na maji ya juu yabaki bila rangi. Chuja, mwaga maji hayo, tope likauke na liwekwe kwenye chupa yenye lebo ndani ya stoo ya maabara.